Ningemkopesha Lily Bart

Wiki hii mmeuliza, kati ya wahusika wa riwaya za zamani nani ungemkopesha hela. Mi jibu langu ni Lily Bart wa The House of Mirth, kitabu cha Edith Wharton cha 1905, na najua mtanicheka maana yule dada kwa kumtazama tu hapewi hata nauli.

Ana miaka 29, mzuri balaa, baba alifilisika akafa na mama naye akafuata, anaishi kwa shangazi yake New York na marafiki zake wote ni matajiri. Sasa kualikwa na matajiri si bure jamani! Usiku lazima ucheze karata za hela, ukikataa hualikwi tena. Siku moja kaliwa dola 300, kwenye pochi zimebaki 20. Ndo mume wa rafiki yake, Gus Trenor, anamwambia lete vihela vyako nikuzungushie kwenye hisa, zinarudi kama dola 9,000, binti anajua faida kumbe hela ni ya Trenor mwenyewe na anataka shukrani ile mnayoijua. Wengi wanasema Lily alijifanya haelewi. Inawezekana, ila nani alimfundisha hesabu yule? Alifundishwa kuvaa na kuingia sebuleni vizuri, basi.

Shangazi akafa, akamwachia dola 10,000 tu, nyingine zote kwa binamu, na hizo zenyewe zikachelewa. Akaenda kushona kofia kwenye karakana, mkono mzito, akapunguzwa. Na muda wote ana barua za siri za Bertha Dorset, mke wa tajiri mmoja na ndiye aliyemchafulia jina, angeweza kumbana nazo akarudi kwa matajiri kifua mbele, akazichoma. Hundi ya urithi inafika yuko chumba cha kupanga hana mbele wala nyuma, anakaa usiku huohuo anamwandikia Trenor hundi ya kumrudishia deni lake lote, kisha matone ya dawa ya usingizi yakazidi. Kukopa harusi kulipa matanga, kwake ilikuwa hivyo kabisa.

Asubuhi Selden, mwanasheria aliyekuwa anampenda, anakuta bahasha ina jina la Trenor, na huku maiti iko pale kitandani bado anaanza kumuwazia mabaya, mpaka alipofungua kitabu cha hundi akaona hesabu. Huyo Selden nisingemkopesha hata mia.