Mwanangu anataka bendera ya England dirishani

Shikamoo Bi Mwanahamisi. Mimi ni mtu wa Tanga, naishi Birmingham mwaka wa kumi na nne sasa. Tangu kiangazi cha 2025 nguzo za taa mtaani kwetu zimetundikwa bendera za England, na kwenye kipilefti mtu kapaka msalaba mwekundu. Sasa mwanangu Salim, ana miaka tisa na kazaliwa hapahapa, anataka tuweke bendera hiyo dirishani kwa ajili ya Kombe la Dunia. Mama yake hataki hata kuisikia. Vyama navyo, kila kimoja chajidai ndicho chenye uzalendo. Je, bendera hii ni ya chama gani? Na mwanangu ni Mwingereza au si Mwingereza? — Baba Salim, Birmingham

Marahaba, mwanangu. Nianze na swali lako la mwisho, maana hapo Kiswahili chetu kinatuponza. Sisi tukishasema Mwingereza tumemaliza. Salim akitoka shule atakwambia kuna British, yaani mtu wa Uingereza nzima, na kuna English, yaani mtu wa England, na sisi vyote viwili tunavipika chungu kimoja. British ndiyo iliyoandikwa kwenye pasipoti. Anayo Mskoti, anayo mtu wa Wales, na Salim anayo tangu kuzaliwa ikiwa wewe au mama yake mlishapata uraia au ukaazi wa kudumu wakati huo. English haina pasipoti. Haina hata bunge: Uskoti na Wales walifunguliwa mabunge yao mwaka 1999, England ikabaki chini ya Westminster, bunge la nchi nzima kule London, moja kwa moja. Basi hakuna ofisi ya kukupa jina hilo wala ya kukunyang'anya, na ndiyo maana wanasiasa wanaligombania.

Hata sensa iliteleza hapo. Mwaka 2011, katika England na Wales, watu 57.7 kwa mia walijiandika English peke yake. Mwaka 2021 wakawa 14.9 kwa mia. Ungedhani taifa zima limehama! Kumbe kwenye fomu ya England neno British lilikuwa limepandishwa juu ya orodha, na watu wakaweka alama pale jicho lilipoangukia kwanza.

Ugomvi huu umefika mpaka kwa watu wenye mizizi kwetu. Rishi Sunak kazaliwa Southampton. Baba yake ni mzaliwa wa Kenya, mama yake wa Tanganyika. Kaongoza serikali ya nchi nzima, lakini mapema 2025 watu wakakaa hadharani kujadili kama ni English kweli. Mwenyewe akajibu kwamba ni English. Suella Braverman, wa chama hichohicho cha Conservative wakati ule, baba yake naye katoka Kenya, akaandika gazetini kwamba yeye ni British lakini English hatakuwa. Nilisoma maneno yale nikiwa kwenye basi, nikalikunja gazeti nikaliweka mfukoni. Yaliniuma. Kipimo kikiwa damu, Salim na wajukuu zake hawataupita mlango huo hata wakae miaka mia mbili. Katika hili mimi nasimama na Sunak, ingawa chama chake sijawahi kukipa kura yangu.

Sasa bendera. Haina chama, lakini imepita mikono mingi. Msalaba mwekundu wa England ni wa kale, lakini kwenye fainali ya Kombe la Dunia ya 1966 pale Wembley mashabiki wa England walipeperusha Union Jack, bendera ya Uingereza nzima. Ni Euro 1996 ndipo msalaba mwekundu ulipotapakaa viwanjani na madirishani. Miaka ya 1970 National Front, chama cha wabaguzi wa rangi, walikuwa wakiandamana na Union Jack kututisha sisi wa rangi. Mwaka 2009 English Defence League, kundi la kupinga Uislamu, ikaanzia Luton na msalaba. Tarehe 13 Septemba 2025 bendera zote mbili zilijaa London, kwenye maandamano aliyoyaitisha Tommy Robinson, mwanzilishi wa kundi hilo, na polisi walikadiria zaidi ya watu laki moja. Mkeo haogopi kivuli. Msikilize.

Chama cha Labour, wao kosa lao lilikuwa kuionea haya bendera hii. Novemba 2014, siku ya uchaguzi mdogo wa Rochester and Strood, mbunge wao Emily Thornberry alituma mtandaoni picha ya nyumba yenye bendera tatu za England na kigari cheupe cha mizigo mlangoni. Hakusema neno baya, lakini watu walisoma dharau kwa wafanyakazi wa kawaida, na jioni ileile akaacha nafasi yake katika baraza la mawaziri kivuli. Mkutano mkuu wa Septemba 2025, Liverpool, wajumbe wakagawiwa bendera wapeperushe mbele ya Keir Starmer, kiongozi wao wakati huo. Kuipeperusha ukumbini ni kazi rahisi.

Nasema hivyo kwa sababu nimeyaona. Uchaguzi wa 2015 nilikuwa nikitembeza vipeperushi vya chama kimoja, sitakitaja. Kijana aliyetuongoza akatuambia: nyumba yenye bendera ruka, hao si wetu. Nyumba ya nne nikashindwa kuiruka, nikabisha. Akatoka mzee, ndala miguuni. Bendera yake ilikuwa kwenye mlingoti pembeni ya mlango, na kona moja imetiwa kiraka cha kitambaa cha foronya, weupe wake hauwiani na weupe wa bendera. Marehemu mkewe ndiye aliyeshona. Tulizungumza bei ya gesi na miguu yake. Jua lilipoanza kuzama akaiteremsha, akaikunja mara nne, akaiweka kwenye droo ya vitambaa vya jikoni. Akaniambia mimi ndiye wa kwanza kubisha mlango wake mwaka ule.

Hizo za kwenye nguzo zenu hakuna anayeziteremsha. Zinaloa, zinachanika, hazina mwenyewe.

Kwa hiyo mnunulie Salim bendera yake. Iwekeni kwa ndani ya kioo, siku ya mechi tu, na yeye mwenyewe aiteremshe usiku na kuikunja. Mama yake akiona inashikwa hivyo huenda moyo ukatulia. Asipotulia, usimlazimishe, Salim ataivaa jezi. Jirani akiuliza, mtoto ajibu mwenyewe.

Na wewe usikae pembeni. Hata kama bado una pasipoti ya Tanzania, ukiwa na kibali halali cha kuishi hapa unaruhusiwa kujiandikisha na kupiga kura, kwa kuwa nchi yetu ni mwanachama wa Jumuiya ya Madola. Mgombea yeyote atakapobisha hodi, mwite Salim mlangoni, halafu muulize: huyu ni English? Mtazame usoni kabla hajajibu.