Titresheni kwa Kompyuta: Kosa Lililonitia Aibu

Kijana mmoja wa maabara ya chakula ameniandikia akiuliza iwapo anaweza kujiundia mtambo wa titresheni (kupima kiasi cha asidi kwa kuimiminia besi kidogo kidogo mpaka asidi iishe) unaoongozwa na kompyuta. Nimemjibu kwamba anaweza, kwa kuwa wangu, ulionitia aibu kwa miezi mingi, wiki iliyopita ulipima sampuli 12 za siki na majibu yake yakalingana na ya bureti ya mkono, yaani mrija wa kioo wenye vipimo na koki ya kumiminia.

Aibu yenyewe bado inaniuma. Nilifunga mota ya hatua, inayozunguka hatua ndogo ndogo zilizopimwa, kwenye bomba la sindano la mililita 20, nikaandika programu ya kumimina mililita 0.5 za sodiamu haidroksaidi, ambayo ndiyo besi, kila baada ya sekunde 3, kisha nikamwita mkuu wangu wa kazi aje kutazama. Siki iliyozimuliwa mara 10, ambayo kwa mkono ilihitaji mililita 16.7, mtambo uliipa 17.4. Niliambiwa mbele ya wenzangu niache michezo na nirudi kwenye fenolfthaleini, kiashiria kinachogeuka waridi asidi inapoisha, na hakuna aliyeuliza kosa lilitoka wapi.

Lilitoka kwenye haraka. Elektrodi ya pH, kijiti kinachoipimia kompyuta ukali wa asidi au besi, huhitaji muda wa kutulia kila dozi inapoingia, na karibu na mwisho, asidi ya siki inapokaribia kuisha, pH hupanda kutoka chini ya 7 hadi kupita 10 ndani ya takriban mililita 0.3 tu, yaani chini ya dozi yangu moja. Mtu anayetumia mkono hupunguza kasi mwenyewe anapoona rangi ya waridi ikichelewa kufifia, lakini kompyuta haitapunguza usipoiandikia ipunguze.

Kwa hiyo, ndugu zangu, iandikieni isubiri. Isimimine tena mpaka pH itulie, na kila pH inapoanza kupanda kwa kasi, dozi ishuke hadi mililita 0.05, mwisho wa titresheni utafutwe pale grafu ya pH dhidi ya mililita zilizomiminwa inapopanda kwa ukali zaidi. Elektrodi ipimwe kila asubuhi kwa bafa (miyeyusho ambayo pH yake inajulikana) za pH 4, 7 na 10, kwani katika nyuzi 25 za Selsiasi inapaswa kutoa karibu milivolti 59 kwa kila kipimo kimoja cha pH, na ikipungua sana imechoka. Sodiamu haidroksaidi nayo hufyonza kabonidayoksaidi ya hewani, basi msiiamini chupa ya mwezi uliopita. Lakini zaidi ya yote, subirini.

Wewe uliyeniandikia, anza na siki: ipime kwa mkono mara 3, andika majibu yako daftarini, ndipo uwashe mota.