Biti inakatika kila nikikata mifereji ya freti

SWALI: Shikamoo fundi. Natengeneza magitaa, nimepata mashine ya CNC (ya kukata kwa kuongozwa na kompyuta) nikasema sasa naachana na msumeno wa mkono, ubao wa freti (vile vyuma vyembamba vya shingoni) ni mpingo na biti, kile kisu kinachozunguka, ni ya milimita 0.6, ila nikianza tu kukata inakatika. Nakosea wapi?
– Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba. Mpingo hauna huruma aisee, na biti nyembamba hivyo ukiizamisha milimita 2 kwa mpigo lazima ikatike tu. Shuka kidogo kidogo, milimita 0.2 kila inapopita, mzunguko uwe wa kasi ila mwendo wa kusogea upunguze, na uwe unapuliza vumbi muda wote maana likijaa mferejini linavunja biti hata kama mengine yote umepatia. Cheki pia kama biti inayumba kwenye koleti, pale inapobanwa na mashine, ikiyumba mfereji unatoka mpana na freti haishiki. Ule ulimi wa freti unaoingia kwenye mbao upime kwa kalipa kabla ya yote, nyingi ni kama 0.5 na wengi wanakata mfereji wa 0.58 hivi.

Vipimo hukuuliza ila nasema tu: skeli, yaani urefu wa waya toka nati mpaka daraja, ikiwa milimita 648 gawa kwa 17.817, unapata 36.37 toka kwenye nati (kile kipande cha juu ya shingo kinachoshika nyuzi), hapo ndo freti ya kwanza, inayobaki unagawa hivyohivyo mpaka ya 12 ikae 324. Usikate desimali njiani, makosa yanajumlika, iachie programu.

Na barakoa uvae, vumbi la mpingo linawasha balaa.