Fundo la ndoana linalofunguka samaki anapovuta

Ndugu, umeeleza kwamba samaki mkubwa akivuta, ndoana hupotea na mshipi hurudi ukiwa na ncha iliyojikunja. Mkunjo huo unaonyesha kwamba fundo liliteleza hadi likafunguka, wala si kwamba mshipi ulilemewa ukakatika.

Kwa mshipi wa nailoni, pitisha ncha kwenye tundu la ndoana, izungushe mara 5 au 6 kwenye mshipi mkuu, irudishe kupitia kitanzi kidogo kilicho karibu na tundu, kisha ipenyeze ndani ya kitanzi kikubwa kilichotokea. Kabla ya kukaza, liloweshe fundo kwa maji au mate, kwa sababu msuguano wa nailoni kavu huzalisha joto linaloudhoofisha mshipi. Hatua hii wengi huiruka, nami naiona kuwa muhimu kuliko aina ya fundo lenyewe. Vuta polepole mpaka mizunguko ilale sambamba bila kupandana. Ikipandana, kata ufunge upya, hata kama fundo linaonekana limekaza.

Unapopunguza ncha, bakiza milimita 2 au 3. Kisha shika ndoana kwa koleo, uvute kwa nguvu kabla ya kuweka chambo.