Wageni wa siku tatu Tukuyu: waanzie wapi?

Dada, umeuliza utampeleka wapi shangazi na watoto wake wanaokuja huku Tukuyu, mkoani Mbeya, kutoka Dar kwa siku tatu, na shangazi magoti yanamsumbua. Ziwa Ngozi, lile lililo ndani ya kreta ya volkano juu mlimani, usimpeleke yeye. Njia ya msituni ni nzuri sana, lakini kule juu kabisa inapanda kwa ukali na mvua ikinyesha inateleza. Waende vijana na mwenyeji wa kuwaongoza, asubuhi, kabla ukungu haujafunika maji.

Shangazi mpeleke Daraja la Mungu. Akisimama pale aone Mto Kiwira unavyopita chini ya mwamba uliotokana na lava ya volkano, bila mtu kuujenga, atasahau magoti! Kijungu, pale mto huohuo unapotumbukia kwenye shimo la mwamba, hakiko mbali, ila watoto washikwe mikono, maji yale yana nguvu.

Siku ya mwisho shukeni Matema, Ziwa Nyasa. Kuna joto, mchanga, Milima ya Livingstone imesimama ubavuni, na vyungu vya Wakisi vya kubeba nyumbani. Laleni huko, kwenda na kurudi siku moja mtamchosha.

Na masweta, tafadhali. Watu wa Dar hawaamini baridi ya Tukuyu mpaka usiku uingie.