Hita ya gesi kuzimika ukiachia kitufe

Hita ikiwaka ukibonyeza kitufe na kuzimika ukikiachia, kwa kawaida shida ni themokapo, si mtungi. Gesi ingekuwa imeisha, ule moto mdogo wa kuwashia usingewaka hata ukiwa umebonyeza. Themokapo ni ile ncha ya chuma, nyembamba kuliko penseli, inayolambwa na moto huo. Ikipata joto hutoa umeme kidogo sana, milivolti 20 hadi 30 hivi, na ndio unaoshikilia vali, yaani mlango wa gesi, iwe wazi. Ikishika masizi, au moto usipoifikia, vali inajifunga.

Nimefungua hita kadhaa, na mara nyingi ilihitaji kusuguliwa tu. Funga mtungi, acha hita ipoe, sugua ncha kwa msasa laini mpaka ing'ae, kisha kaza nati yake kwenye vali: kwa vidole kwanza, halafu robo mzunguko kwa spana, basi. Ukiwasha, shikilia kitufe sekunde 30 nzima. Wengi huachia mapema halafu wanalaumu hita!

Moto mdogo ukiwa wa njano na mlegevu, puliza tundu lake kwa pampu. Buibui hupenda kujenga humo. Usichokonoe kwa sindano, utalipanua.

Ila kama inawaka vizuri nje na kuzimika baada ya muda chumbani, usibadilishe kitu. Hita nyingi za ndani zina kihisi kinachozizima oksijeni ikipungua, kwa hiyo fungua dirisha, na kihisi hicho usikiguse kabisa.