Soketi imekufa? Weka bisibisi chini kwanza

Wadogo zangu, juzi nimemkuta kijana wetu anafunga soketi ya tatu mpya kwenye chumba kimoja, na zote kimya. "Fundi, tesita inawaka," ananiambia, yaani ile bisibisi yenye kitaa cha kuonyesha umeme. Jamani, mara ngapi? Nikampa maltimita, kifaa cha kupima volti. Laivu (waya unaoleta umeme) kwa ethi (waya wa ardhini), volti 230. Laivu kwa nyutro (waya unaorudisha umeme), namba za kubabaisha. Nyutro ilikuwa imechomoka kwenye soketi ya nyuma ya kabati, ambayo hakuna aliyejisumbua kuisogelea.

1. Tesita inakuonyesha laivu. Nyutro haiijui.

2. Breka iliyotripu, yaani iliyojikata yenyewe, inaweza kukaa katikati ukadhani ipo juu. Ishushe hadi mwisho, ndipo uipandishe.

3. Tafuta soketi ya mwisho iliyo hai na ya kwanza iliyokufa. Fungua hizo mbili kabla ya kugusa nyingine. Mara nyingi utakuta skrubu imelegea na plastiki pembeni yake imeungua rangi ya kahawia.

4. Zima meni, swichi kuu ya nyumba nzima. Najua mmeshalisikia hili hadi mmechoka, na mimi nilikuwa nimeshalisikia.

Ilikuwa nyumba ya wageni yenye fezi tatu, yaani laivu tatu zinazotumia nyutro kuu moja, mwaka wangu wa pili kazini. Soketi ya chumba namba sita ilikuwa imekufa. Nilipofungua DB, boksi la breka, nikaona nyutro kuu imeshika weusi pale inapobanwa, nikataka kuisafisha. Mhudumu akanisihi nisizime umeme, wageni wanatazama mpira. Nikashusha breka ya chumba kile tu, nikailegeza nyutro na meni ikiwa juu.

Taa za korido upande mmoja ziling'aa nyeupe mno, za upande wa pili zikafifia. Friji ya jikoni ikanguruma, kisha ikanyamaza. Harufu ikafuata. Nyutro kuu ikitoka kwenye fezi tatu, vyumba vinabaki vinagawana volti 400 za kati ya fezi na fezi, na chenye mzigo mdogo wa vyombo ndicho kinachopokea nyingi. Televisheni nne na friji moja ziliungua. Ule waya niliokuwa nimeuchomoa nao ulikuwa na umeme unaorudi kupitia vyombo vya wageni, na ulikuwa sentimita chache kutoka kwenye vidole vyangu.

Mama mwenye nyumba hakunifokea. Alisimama na rimoti mkononi, anaibonyeza mbele ya kioo cheusi, anaibonyeza tena. Nililipa deni lile kwa miezi saba. Hadi leo nikiombwa "usizime, fundi, dakika moja tu", naiona ile rimoti. Mteja akikasirika kwa kukosa mpira, mwache akasirike.

5. Kabla ya kuamini maltimita, ijaribu kwenye soketi unayojua ni nzima.

Ile niliyompa kijana wetu nimemwachia moja kwa moja. Betri yake imechoka. Abadilishe leo, maana ikizidi kushuka itaanza kumsomea uongo.